Sura ya Nne: Unga wa Likasi

Mji wa migodi huulizwa kwanza unatoa nini. Likasi imeulizwa hivyo kwa muda mrefu, na majibu yake yanajulikana: shaba, kobalti, asidi ya salfa, na urani ya Shinkolobwe, mgodi wa jirani ambao madini yake yalisafirishwa hadi Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kwa ajili ya bomu la atomiki. Sura hii inauliza swali la upande wa ndani. Likasi inakula nini, na chakula hicho kinafikaje jikoni? Si swali dogo. Karibu kila msukosuko uliowapata watu wa mji huu, tangu zama za Wabelgiji hadi leo, ulijulikana nyumbani pale mfuko wa unga ulipoanza kupungua.

Likasi iko Haut-Katanga, kusini mwa Kongo, kilomita 120 hivi kaskazini-magharibi mwa Lubumbashi, katika barabara ya taifa namba 1 iendayo Kolwezi. Ni mji wa pili wa jimbo, na una komini nne: Likasi, Kikula, Panda na Shituru. Panda na Shituru zilizaliwa na viwanda pamoja na kambi za wafanyakazi. Kikula ilikuwa makazi ya Waafrika wasiolala kambini, na mpaka leo ndiko watu walikobanana zaidi. Mwaka 1931 Wabelgiji waliuita mji Jadotville, kwa heshima ya Jean Jadot, mkuu wa Société Générale de Belgique. Jina la Likasi likarudi mwaka 1966. Nje ya Afrika wengi hulijua lile jina la kikoloni kwa sababu ya Septemba 1961, kikosi cha Waayalandi wa Umoja wa Mataifa kilipozingirwa hapo na jeshi la Katanga iliyojitenga, kisa kilichotengenezewa filamu mwaka 2016. Ni kisa cha siku tano. Mimi navutiwa na siku nyingine zote.

Chakula cha siku hizo nyingine ni bukari, ugali wa mahindi meupe, mara nyingi ukichanganywa na unga wa muhogo ili ushibishe kwa bei nafuu. Mboga ni sombe (majani ya muhogo), lengalenga (mchicha) au matembele. Siku njema kuna samaki wa ziwa Tshangalele au bitoyo, samaki waliokaushwa kwa chumvi ambao kipande kimoja kinatosha kuipa ladha sufuria nzima. Mwenye mshahara wa uhakika hununua unga kwa mfuko. Wengi hununua kwa meka, chombo cha kupimia cha sokoni, na wanaobanwa zaidi hununua nusu ya meka jioni, fedha ya siku ikishaingia. Anayenunua kidogo kidogo hulipa zaidi kwa kilo kuliko anayenunua mfuko, na hilo analijua vizuri kuliko mchumi yeyote. Hana tu fedha ya mfuko kwa siku moja. Hapo ndipo maisha ya Likasi ya leo yanapoanza kueleweka: watu wanafanya kazi, tena kazi nyingi, lakini fedha inaingia kwa vipande vidogo na haijulikani kesho itaingia kiasi gani.

Haikuwa hivyo daima, na kinachowaumiza wazee wa Panda ni kwamba wanakumbuka.

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Miaka yake ya kwanza ilitegemea wanaume walioandikwa kazi kwa muda mfupi, waliotolewa mbali, wakaishi bila familia, wakafa kwa maradhi kwa wingi na kutoroka kila walipopata njia. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni iliona kwamba kuandika watu wapya kila mara ni gharama zaidi kuliko kuwatunza waliopo. Ikaanza kutoa mikataba ya miaka mitatu na kuwahimiza wanaume kuja na wake zao. Walitoka Kasai, Lomami, Rwanda na Burundi, na Rhodesia ya Kaskazini ambayo sasa ni Zambia. Katika kambi za wafanyakazi Kiswahili kikawa lugha ya kila mtu, kwa kuwa hakikuwa lugha ya nyumbani ya karibu yeyote.

Daktari Léopold Mottoulle, aliyesimamia mambo ya wafanyakazi Waafrika wa kampuni, aliieleza siasa hiyo wazi katika maandishi yake ya mwaka 1946. Kampuni ilimtazama mfanyakazi kama mtoto wa kulelewa, na mtoto wake kama mfanyakazi wa kesho. Posho, yaani mgao wa chakula, ilitolewa kupitia mume kwa ajili yake, mke na watoto. Mama alipelekwa kliniki kujifungua, mtoto akapimwa uzito, akaingia shule ya wamisionari iliyolipiwa na kampuni, na akikua akapewa kazi kiwandani kwa baba yake. Nyumba ilikuwa ya kampuni, maji ya kampuni, hata ufundi wa kushona aliofundishwa mke ulitoka kwenye jumba la kampuni. Watu wakasema kwa Kiswahili chao kwamba Union Minière njo (ndiyo) baba, Union Minière njo mama.

Tusiipambe hali hiyo. Desemba 1941 wafanyakazi Waafrika wa Likasi na Lubumbashi waligoma kwa sababu mishahara haikuendana na bei za wakati wa vita, na wakajibiwa kwa risasi. Huko Lubumbashi askari waliufyatulia risasi umati uliokusanyika katika uwanja wa mpira. Ulezi wa kampuni ulikuwa na bunduki nyuma yake. Hata hivyo, mtu anayetaka kuelewa kwa nini neno posho linatamkwa kwa mapenzi mpaka leo lazima akubali kwamba mfuko wa unga ulifika kweli. Serikali ya Mobutu ilipoitaifisha kampuni mwaka 1967, na baadaye ikaitwa Gécamines, ulezi ule haukufutwa. Hospitali, shule na unga viliendelea, sasa chini ya bendera ya taifa.

Ubovu wa mpango huo ulijificha ndani ya ukarimu wake. Kila kitu kilichoishikilia familia kilipitia kwa mtu mmoja, mume, na kupitia kwake kwa mwajiri mmoja. Mke hakuwa na mshahara wala haki yake mwenyewe ya posho. Familia haikuwa na nyumba yake, na nyingi hazikuwa na shamba, kwa sababu kampuni haikuwahitaji wakulima. Kikula haikuwahi kulelewa hivyo. Huko watu walikuwa mafundi, wachuuzi, vibarua, walimu, na walizoea tangu mwanzo kutafuta unga wao wenyewe. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo tofauti kubwa kuliko zote kati ya makazi ya Likasi, kubwa kuliko tofauti ya makabila inayozungumzwa zaidi. Wakati wa neema kambi iliidharau Kikula. Neema ilipokwisha, kambi ilibidi ijifunze kuishi kama Kikula, tena kwa haraka.

Neema ilikwisha ndani ya miaka michache. Mwaka 1986 Gécamines ilizalisha shaba tani zinazokaribia 480,000. Septemba 1990 mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, uliporomoka. Mashine zilikuwa zimechakaa bila vipuri, fedha za kampuni zilikuwa zimenyonywa na utawala kwa miaka, na mikopo ya nje ikakauka. Kufikia mwaka 1994 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi tani 30,000 hivi. Katikati ya kuporomoka huko, mwaka 1992, wanasiasa wa jimbo waliwaelekezea watu wenye asili ya Kasai hasira ya umma. Familia zilizokaa Likasi kwa vizazi viwili au vitatu, zilizoletwa na kampuni yenyewe, zilifukuzwa majumbani. Makumi ya maelfu walirundikana katika kituo cha reli na katika shule za mji wakingoja treni, wengine kwa miezi, na wengi, hasa watoto, walikufa kwa maradhi na njaa kabla ya kufika kwa mababu zao, katika nchi ambayo baadhi yao walikuwa hawajawahi kuiona. Mji ukawapoteza walimu, wauguzi na mafundi wake. Nalitaja hapa katika sura ya chakula kwa makusudi, kwa maana kazi na nyumba ndivyo vilivyogombaniwa: posho ilipokuwa haitoshi watu wote, iliamuliwa nani si wa hapa.

Waliobaki kazini walikaa miezi mingi bila mshahara. Kisha mwaka 2003 na 2004, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi 10,655 wa Gécamines waliondolewa katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Walilipwa kwa mkupuo fedha pungufu sana ya waliyoamini wanadai. Mwanaanthropolojia Benjamin Rubbers, aliyewafuatilia wafanyakazi hao wa zamani huko Panda na kuandika kitabu juu yao, anaonyesha jinsi fedha hiyo ilivyotawanyika: madeni, ada za shule, matibabu, nyumba, na biashara zilizoanzishwa na watu wengi kwa wakati mmoja katika mji usio na wanunuzi. Aliyewahi kuendesha tanuru kwa miaka ishirini hakuwa amefundishwa popote kuuza maharage.

Aliyejua kuuza maharage alikuwa mkewe. Donatien Dibwe dia Mwembu, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, alieleza mabadiliko haya katika kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu bana shaba, watoto wa shaba walioachwa na baba yao. Baba huyo ni kampuni, lakini pia ni mzazi wa nyumbani ambaye heshima yake ilisimama juu ya mfuko wa unga. Mfuko ulipokoma, mamlaka ya nyumba yalihamia kidogo kidogo kwa mama, na hata kwa watoto wanaoleta chochote jioni. Mama huuza mboga mbele ya nyumba, kinywaji cha munkoyo, mikate, mafuta yaliyogawanywa katika chupa ndogo, nguo za mitumba. Fedha ya kuanzia hupatikana katika likelemba, wanawake wachache wakichanga kila wiki na kupokezana kikapu. Hakuna mkataba wala benki, kuna kujuana tu, na mwanamke anayevunja neno lake hapati tena mtu wa kumkopesha mtaani.

Chini ya biashara hizo kuna shamba. Hili ndilo jambo ambalo mgeni anayepita barabarani halioni: mji wa viwanda umegeuka kuwa mji wa wakulima. Watu wa Panda na Kikula hulima kwenye viwanja vilivyo wazi, kando ya reli, kwenye mabonde ya mito, na mbali zaidi katika vijiji vya upande wa Kambove na wa mto Lufira, ambako huomba ardhi kwa chifu au kuikodi. Mvua huanza Novemba na kukatika Aprili. Mahindi hupandwa na mvua za mwanzo, pamoja na karanga, maharage, maboga. Viazi vitamu na muhogo vinasubiri ardhini kama akiba. Kuanzia Mei hadi Agosti ghala za nyumbani zina kitu, na bei sokoni hutulia. Januari hadi Machi ni miezi mizito: mahindi ya mwaka jana yamekwisha, ya mwaka huu yangali mabichi, na ada ya muhula nayo inadaiwa. Elimu ya msingi katika shule za umma ilitangazwa bure mwaka 2019, jambo lililozipunguzia nyumba nyingi mzigo wa kweli, ila sare na madaftari bado hununuliwa, na sekondari hulipiwa.

Mashamba hayo hayatoshi kuulisha mji. Haut-Katanga hutegemea mahindi na unga wa Zambia unaoingia kwa malori kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Utegemezi huo ni wa zamani, kwa kuwa kampuni nayo ilinunua chakula kusini kulisha kambi zake. Maana yake ni kwamba sufuria ya Likasi inapikwa na mvua ya nchi nyingine. Mapema mwaka 2024 Zambia ilitangaza ukame kuwa janga la taifa, na katika miji ya ukanda wa shaba wa Kongo unga ukaadimika na bei yake ikaruka. Kila safari jambo hili linapotokea, viongozi hutangaza kwamba jimbo lazima lijilishe, na trekta huonyeshwa hadharani. Mvua nzuri ya msimu mmoja Zambia hulisahaulisha tangazo hilo.

Bukari haipikiki bila moto, na moto wa Likasi ni makala, yaani mkaa. Msitu wa miombo hukatwa, magogo hupangwa na kufunikwa kwa majani na udongo, yakaungua polepole kwa siku kadhaa. Makala hufika mjini kwa baiskeli. Vijana huzisukuma kwa miguu kutoka vijijini, mifuko imefungwa juu hadi kumfunika msukumaji, na huingia mjini alfajiri kuwahi soko. Kila mwaka msitu unarudi nyuma na safari inarefuka. Ni rahisi kumlaumu mchoma makala, na wageni watetezi wa mazingira humlaumu sana. Ila angalieni umeme uko wapi.

Mwaka 1930 bwawa la Mwadingusha lilianza kuzalisha umeme kwenye maporomoko ya mto Lufira, mahsusi kwa mitambo ya Panda na Shituru. La Koni likafuata chini yake. Maji yaliyozuiwa yakawa ziwa Tshangalele, lile linalowapa watu samaki. Mwadingusha ilikarabatiwa upya kwa fedha za kampuni ya madini na kurudi kazini mwaka 2021. Umeme huo huingia katika gridi inayohudumia migodi kwanza, na mitaa ya Likasi hupata mgao wa kukatikakatika. Kwa hiyo mama anapika kwa makala karibu na mabwawa ambayo mababu wa watoto wake waliyajenga. Maji ya bomba nayo hukatika, na watu hurudia visima. Mwanzoni mwa mwaka 2008 kipindupindu kiliwashika wengi Likasi na Lubumbashi.

Wasio na mtaji wala shamba huenda kuchimba. Sheria ya madini ya mwaka 2002 iliwatambua wachimbaji wadogo, bacreuseurs kama wanavyoitwa huku, lakini maeneo waliyotengewa ni machache na mara nyingi hayana madini ya maana. Wakaenda yaliko. Huko Kamatanda, kando ya mji, wanaume hushuka mashimoni, na wanawake na watoto huosha na kuchambua mawe. Shinkolobwe ilifungwa kwa amri ya rais Januari 2004 kwa ajili ya urani yake. Wachimbaji waliendelea kuingia, na Julai mwaka huohuo mgodi ukawaporomokea na kuua. Fedha ya shimo huja kubwa siku moja na kukoma wiki tatu, na wanaopanga bei ni wenye mizani. Nyumba inayomtegemea mchimbaji peke yake hununua unga kwa meka.

Sumu nayo inaingia katika chakula. Mwaka 2009 Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na mitambo ya Katanga. Kobalti iliyopatikana ilikuwa miongoni mwa viwango vya juu kuliko vyote vilivyowahi kuripotiwa kwa watu wa kawaida, na watoto walizidi watu wazima. Vumbi hutua juu ya lengalenga iliyopandwa kando ya barabara ya malori. Mito inayopokea maji machafu ya mitambo humwagikia Lufira, na Lufira huingia ziwa la samaki. Katika mji ambao kiwanja cha mboga ndicho bima ya familia, uchafuzi wa udongo ni wizi wa chakula, na unapaswa kuhesabiwa hivyo mahakamani.

Kampuni za sasa, nyingi zenye mitaji ya Kichina, hazikurithi ulezi wa Gécamines na hazitaki kuurithi. Huajiri wachache, mara nyingi kupitia mawakala, kwa mikataba mifupi. Sisikitiki kwamba hakuna tena kampuni ya kuwa baba na mama. Baba wa namna ile alihitaji watu wazima wabaki watoto. Kinachohitajika ni kodi inayofika mtaani. Na sheria ipo. Sheria ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 inaagiza kwamba katika mrabaha wa madini, asilimia 50 ziende serikali kuu, 25 jimboni, 15 kwa mamlaka ya eneo lenye mgodi, na 10 katika mfuko wa vizazi vijavyo. Juu ya hapo kila kampuni lazima itenge asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazouzunguka mgodi, na itie saini daftari la ahadi pamoja nazo.

Fedha hiyo ingeweza kuchimba visima Kikula, kupima udongo wa viwanja vya mboga, kufungua barabara za mashamba ya Lufira, na kujenga ghala la kununulia mahindi Mei ili yauzwe Februari. Wakazi wa Likasi, akina mama wa likelemba mbele ya wote, wana haki ya kuingia katika ofisi za mji na komini zao na kuuliza kwa maandishi asilimia 15 ya mwaka jana ilikuwa kiasi gani, iliingia akaunti ipi na ilinunua nini. Waulize kila mwaka, na majibu yabandikwe sokoni.